Upande Mgumu

Katika nyumba ya akina Kashibata, sushi ilikuwa na upande mgumu na upande laini, na kila aliyezaliwa humo aliijua tofauti hiyo kabla hajajua kuhesabu. Tadamichi, mwenye nyumba, aliupenda mgumu, ule unaokatika kwa kisu kama sabuni na kumkaa mtu tumboni mpaka kesho yake. Binti yake Chinami aliupenda laini. Wageni walipewa vipande vya katikati, kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kwa nini sushi iliyotoka katika sanduku moja, kwa wali mmoja na siki moja, iwe na tabia mbili. Watu huyazoea mambo ya kwao mpaka wakadhani dunia nzima iko hivyo.

Hakuna aliyeuliza isipokuwa Sawae, mke wa Tadamichi, na Sawae alikuwa mtu wa kuja. Alitoka kisiwani Oshima kuja kuolewa pale Iwakuni. Alikuwa amezaa, amelea, amemuuguza baba mkwe na kumzika, na nywele zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi, lakini wa kuja ni wa kuja. Macho yake hayakuacha kushangaa.

Kwetu sushi ya sikukuu haitengenezwi kwa sahani, inatengenezwa kwa sanduku. Sanduku lenyewe ni la mbao, mtoto anaweza kuogeshewa ndani. Unatandaza wali wa siki, juu yake unapanga mizizi ya yungiyungi iliyokatwa duara ili matundu yake yaonekane, uyoga uliochemshwa kwa mchuzi mtamu, mayai yaliyochanwa nyuzi nyuzi, na minofu ya samaki iliyosagwa ikatiwa rangi ya waridi. Unafunika kwa jani la mgomba. Wali tena, mapambo tena, jani tena, mpaka sanduku linafura. Kisha unaweka kifuniko kizito, na mtu anavua ndara, anapanda juu yake na soksi nyeupe safi, anasimama. Uzito wa mtu ndio unaoshikanisha tabaka zote zikawa kitu kimoja. Sushi isiyokanyagwa ni wali tu uliovaa nguo za arusi.

Kupika kote huko kulikuwa kazi ya Sawae. Alipepea wali, alimenya mizizi, alikaanga mayai membamba mpaka mkono ukamfa ganzi. Kilichobaki kilikuwa kupanda, na kupanda kulikuwa kwa mavyaa wake, Bi Tsuruyo, mama yake Tadamichi. Mwaka wa kwanza wa ndoa Sawae alisema kwa adabu zote, "Mama, niache na mimi nijaribu." Bi Tsuruyo akamjibu, "Wewe kata majani." Mwaka wa pili akajibiwa hivyo hivyo. Baadaye hakuuliza tena, lakini kila sikukuu alikata majani ya mgomba kwa nguvu kidogo kuliko yalivyohitaji kukatwa.

Na hivi ndivyo Bi Tsuruyo alivyokanyaga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi usiopumzika hata msibani. Alipanda kifunikoni kwa kujishika ukutani, chini ya kile kidirisha cha juu kilichotobolewa zamani kwa ajili ya moshi wa kuni, akawapa watu wote mgongo, akanyamaza kimya. Alinyamaza muda mrefu mno. Nyumba nyingine mtu huzunguka juu ya kifuniko, apige hatua huku na huku ili uzito uenee. Yeye hakuzunguka. Alisimama ukutani pale pale, na ndiyo maana sushi ikawa ngumu upande mmoja. Hilo la upande Sawae aligundua mapema. Alichoshindwa kujua ni kwa nini mwanamke mwenye akili kama yule, anayemsahihisha kila mtu kila kitu, arudie kosa moja miaka yote na asijali.

Sikukuu ya maua ya micheri, mwaka mmoja, jambo likaharibika. Bi Tsuruyo alikuwa amekonda. Uzee ulikuwa umemtafuna taratibu, akabaki mifupa na maneno. Alipanda kama kawaida, akasimama kama kawaida, akashuka. Sawae aliponyanyua kuta za sanduku na kutia kisu, upande laini ukaporomoka wote. Wali ukamwagika mezani, mizizi ikabingirika hadi kwenye kikombe cha jirani yao Nobuko, aliyealikwa siku hiyo.

Tadamichi alijipakulia ule uliomwagika akaula kwa bidii, huku akisifia hali ya hewa. Bi Tsuruyo aliitazama meza, akatamka, "Mchele wa mwaka huu ni mbovu."

"Mbovu kweli," wote wakaitikia.

Mchele ulikuwa wa shamba lile lile la miaka yote.

Siku chache baadaye Chinami akapiga simu kutoka Osaka, alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa amechumbiwa huko, na arusi ilipangwa majira ya majani kuanguka. Wakwe wangekuja Iwakuni siku moja kabla, wakaribishwe nyumbani.

"Mama, baba mkwe anapenda sana sushi ya kushindiliwa," Chinami alisema. "Lakini yeye kazoea ya huku, ya visanduku vidogo vya mkononi, inakatwa imenyooka kama viberiti. Nimemsifia ya kwetu mpaka nimeona aibu. Tafadhali, isimwagike."

"Kwani nani amekwambia ilimwagika?"

"Mama Nobuko."

"Huyo mwanamke," Sawae alisema, "angezaliwa redio tungempunguza sauti."

Alicheka, lakini alipoweka simu chini hakuwa na kicheko. Alijua kinachotakiwa. Mtu mwenye uzito apande, basi. Yeye uzito alikuwa nao, Mungu hakumnyima. Ila, tuseme ukweli, haikuwa habari ya wakwe peke yake. Katika nyumba ile alikwisha kukabidhiwa funguo, madhabahu ya mababu, akaunti ya benki, hata ile sufuria nyeusi ya bibi wa bibi. Kilichobaki ni kifuniko. Alikitaka. Alikitaka sana kuliko ilivyofaa kwa mwanamke wa umri wake kukitaka kipande cha ubao, na alikuwa na hakika kwamba asipokipata siku ya binti yake, hatakipata mpaka siku ya mazishi ya mavyaa wake, na wakati huo kitakuwa kimeokotwa tu, hakikutolewa.

Basi akaanza kuchunguza. Kwanza alimwendea mumewe.

"Baba Chinami, hivi mama anavyokanyaga sushi, kwa nini anakanyaga vile?"

"Vile vipi?"

"Kuelekea ukutani, hageuki."

Tadamichi alifikiri kwa uchungu, maana kipindi cha mieleka kilikuwa kinaendelea kwenye televisheni. "Tangu nazaliwa anasimama hivyo."

"Hukuwahi kumuuliza?"

"Wewe ungethubutu?"

Akamwacha na mieleka yake. Akadhani labda ni mguu. Akamvizia Bi Tsuruyo akipanda ngazi, akishuka, akivuka mfereji kwenda kuchuma vitunguu. Miguu ilikuwa mizima yote miwili, na mfereji ule aliuruka. Akadhani labda sakafu ya jikoni imeinama. Akaweka bakuli la maji mahali sanduku linapokaa, akapiga magoti, akachungulia maji kwa jicho moja. Yalikuwa sawa kabisa. Akakagua sanduku kona kwa kona, akakigeuza kifuniko, akakinusa. Kosa lake, na nalisema mapema, ni kwamba alikuwa akitazama chini. Aliyefikiria miguu hutafuta jibu sakafuni.

Mwisho alikwenda kwa Nobuko, kwa sababu mtu akikosa maji safi hunywa yaliyopo.

"Sisi mimi na mzee wangu tunapanda wote wawili," Nobuko alieleza, akionyesha kwa mikono. "Tunazunguka hivi, halafu hivi. Mwaka jana alinikanyaga kidole, nikamsukuma, akaangukia kwenye ndoo ya siki. Lakini mavyaa wako, bibi wee, mimi siri yake naijua."

"Iseme."

"Anaelekea magharibi. Kwa Buddha Amida, kwenye Pepo yake. Anaomba Pepo." Nobuko akainamisha kichwa kwa uchaji. "Kila sikukuu anatanguliza dua moja. Mwenzio ana akiba huko, sisi tutafika mikono mitupu."

Hilo lilimwingia Sawae. Alilala nalo akijiona mbaya, mtu wa kumwonea wivu ajuza anayesali. Asubuhi alikwenda jikoni mapema, akasimama mahali pa sanduku, akaelekea ukutani. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, na lilipenya kwenye kidirisha kile cha juu likamwangukia utosini. Sawae akalitazama jua. Kama Bi Tsuruyo alikuwa akiomba Pepo ya magharibi, basi alikuwa ameigeuzia mgongo tangu ujana wake.

Kuuliza si ujinga, lakini kuna watu wanaogopwa kuulizwa. Sawae alijikaza mpaka mwanzo wa majira ya mavuno, ndipo akapata moyo. Walikuwa wamekaa barazani wawili, wakimenya mizizi ya yungiyungi iliyoletwa na Shigeto, mpwa wa Bi Tsuruyo, mkulima wa mashamba ya matope kule bondeni.

"Mama, siku ya wakwe wa Chinami, nani atapanda?"

"Kwani hupanda nani?"

"Wewe. Lakini Mama, umekonda."

"Nimekonda, sijafa."

"Sijasema hivyo mimi."

"Hujasema. Umenipima kwa macho tu, kama muuza samaki."

Sawae akamenya kidogo. "Basi tuweke mawe. Siku hizi wengi wanaweka mawe."

"Jiwe halijui limekalia nini. Hapo umeacha ganda."

"Basi nipande mimi. Nifundishe, Mama. Kusimama kuna siri gani?"

Kisu cha Bi Tsuruyo kikasimama. "Hakuna siri."

"Basi kwa nini unanikataza miaka yote hii?"

"Kwa sababu ni pangu pale," alisema ajuza, akaendelea kumenya.

Neno hilo lilimuuma Sawae kuliko tusi. Angetukanwa angejibu. Lakini "pangu pale" alilielewa kwa namna moja tu: kwamba nyumba hii ina wenyewe, na kwamba yeye, pamoja na kumenya na kuzaa na kuzika kote, alikuwa bado amesimama mlangoni akishika ndara zake mkononi. Alimaliza kumenya mizizi. Jioni akamwambia mumewe kwamba akifa azikwe Oshima. Tadamichi akamuuliza kama amekula.

Siku ikafika. Wakwe walikuwa waje mchana, na toka alfajiri jiko lilinuka siki na mayai. Sawae alipanga tabaka zake kwa mkono wa mtu anayeaga. Hakupata kupanga vizuri hivyo maishani mwake, na alijua. Wali uling'aa. Nyuzi za mayai zilikaa kama zimefumwa. Jani la mwisho la mgomba alilikata bila kishindo, akaliweka juu, akaweka kifuniko, akarudi nyuma akainama.

"Tayari, Mama."

Bi Tsuruyo alivaa soksi mpya nyeupe. Akavua ndara, akaushika ukuta, akapanda. Akawapa mgongo friji, meza, na mke wa mwanawe.

Ndani ya sanduku letu kuna mstari uliochongwa pande zote, na kifuniko kikifika hapo sushi imeiva, hakuna la zaidi. Sawae aliutazama mstari. Kifuniko kilikuwa juu yake, kimekaa tu, hakitaki kushuka. Alisubiri. Ajuza akajiinua kidogo akajirudisha, akajiinua tena, kamwili kake kakatikisika, na kifuniko hakikumtambua. Ndipo Sawae akaona jambo ambalo miaka yote hakulitupia jicho: visigino vya Bi Tsuruyo vilikuwa hewani. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, nusu ya uzito wake mdogo ameupoteza kwa kujivuta juu, kidevu kimeelekea kidirishani.

"Mama, kanyaga kwa mguu mzima," Sawae alisema.

Visigino vikabaki hewani.

"Mama. Haishuki."

"Itashuka."

"Haishuki! Watu wako njiani, mtoto wangu ataaibika, na wewe umesimama kwa vidole kama unachungulia ngoma ya jirani!"

Alishangaa kuisikia sauti yake ikipaa hivyo. Hasira za miaka zilimpanda zote kwa pamoja, na kabla hazijashuka alikuwa ameshavua ndara. "Nisamehe, Mama," alisema, "lakini leo napanda." Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasimama nyuma ya mavyaa wake kifua kwa mgongo. Kifuniko kikaguna. Kikashuka.

Kwa kuwa alimzidi ajuza kichwa kizima, alipoinua uso alijikuta akitazama nje ya kidirisha, juu ya mvi za Bi Tsuruyo.

Hakuwahi kuchungulia nje kwa kidirisha kile; alikifungua na kukifunga tu kwa kijiti. Ukiwa sakafuni kinakuonyesha mbingu tu. Sasa aliona ukuta wa Nobuko, kisha mapaa yakiteremka, kisha reli, na ng'ambo ya reli mashamba ya yungiyungi, majani yamekauka yamekuwa kahawia, watu wamezama mapajani wakichimba. Na mwisho wa mashamba, peke yake, nyumba yenye paa jeusi, mti wa persimoni wenye matunda machache yaliyosalia, na uani mti mrefu wa kuanikia nguo, mtupu.

"Usinisukume," Bi Tsuruyo alisema bila kugeuka.

"Mama, ile si nyumba ya Shigeto?"

"Ni ya Shigeto sasa."

Sawae alifikiri. Kila mwaka mpya walikwenda pale na zawadi, kwa gari, kwa njia ya barabara kuu inayozunguka. Hakuwahi kufikiri kwamba iko mbele ya macho yao.

"Ndiko kwenu."

"Nakanyaga sushi mimi."

"Mama."

"Basi nafanya yote mawili. Kuna sheria?"

Ikapita ndege, moja ya zile za uwanja wa jeshi, madirisha yakatetemeka, na wote wawili wakangoja ipite kama kawaida ya watu wa Iwakuni. Ilipokwisha, Bi Tsuruyo akaanza kusema, akiuambia ukuta.

"Mavyaa wangu mimi hukumkuta. Una bahati. Kutoka hapa mpaka kwetu ni mwendo wa nusu saa, na alinipa ruhusa mwaka mpya na sikukuu ya wafu, basi. Nilikuwa msichana mdogo. Siku moja nikapanda kigoda nikachungulia hapa. Akanikuta. Hakunipiga, hata hakupaza sauti. Alikichukua kile kigoda, akakipasua, akakitia mekoni, akapikia wali wa jioni. Akaniambia, mke anayepanda kigoda kutazama kwao huyo ameshaondoka, imebaki miguu kumfuata."

"Lo!"

"Halafu sikukuu ikaja. Akasema, wewe mtoto wa wakulima una miguu ya matope, panda ukanyage. Mwenyewe hakujua amenipa nini. Nikapanda, nikainua macho, nikapaona kwetu pote mpaka kuku." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mke akisimama juu ya kigoda anatamani kwao. Akisimama juu ya sushi yuko kazini. Nani atamgusa? Nilikanyaga mpaka akanisifu. Aliwaambia majirani, mkaza mwana wangu hana haraka ya kushuka."

Sawae alikuwa akiitazama nyumba ile yenye paa jeusi.

"Mama yangu nilimwambia mwaka mpya. Toka hapo kila sikukuu akawa ananianikia tandiko jekundu pale uani. Hata siku ya mvua, tandiko linalowa, yeye kasimama chini yake. Watu wakasema amerukwa na akili. Mama akafa Tadamichi hajaanza kutembea."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna tandiko. Nikaendelea kutazama. Macho yana mazoea yake."

"Lakini mavyaa wako amekufa zamani. Ungepanda kigoda siku yoyote. Ungekwenda, Mama, basi linapita hapo nje!"

"Naenda. Nikifika namkuta Shigeto na televisheni kubwa kama kabati, na mkewe ananiita mgeni, ananiletea mto wa kukalia." Alinyanyua kidevu kuelekea mashambani. "Kutoka hapa hakuna mto."

"Ungeniambia," Sawae alisema. "Nimekuwa nikiona unanidharau."

"Nilijua unaona hivyo."

"Na ukaniacha?"

"Mkaza mwana akikuonea huruma umekwisha. Akikuchukia kidogo, bado unahesabiwa." Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo Sawae hakuwahi kuisikia, "Ningekuachia kifuniko, mimi ningepanda nini?"

Mlango ukasukumwa. Tadamichi alikuwa amevaa suti, tai imempinda. Akamwona mama yake na mke wake wamesimama juu ya sanduku moja, mmoja nyuma ya mwingine, wameukodolea macho ukuta.

"Mnafanya nini huko juu?"

"Tuko kazini," wakamjibu kwa pamoja.

"Mtavunja sanduku."

"Nenda kanyoshe tai," mama yake alisema, na akaenda.

Kifuniko kilikuwa kimefika kwenye mstari. Harufu ya siki na jani bichi ilikuwa imepanda kutoka nyufa za mbao, ile harufu inayoambia watu wa nyumba kwamba mambo yamekaa sawa. Sawae aliisikia, na hasira aliyoilea ujana wake wote aliitafuta asiipate. Alijiona mjinga, alijiona mwepesi, na alimpenda yule ajuza ghafla kwa namna iliyomtia haya. Kifuniko alichokitaka alikuwa amekisimamia kwa miguu yake miwili, na sasa hakukitaka tena. Akashusha mguu mmoja taratibu.

"Imeshafika, Mama. Mimi nashuka, wewe endelea kukaa."

"Ngoja."

Akangoja.

"Na wewe," Bi Tsuruyo akauliza, "kwenu ni upande gani?"

Katika nyumba ile Sawae alikuwa ameulizwa mengi. Aliulizwa funguo ziko wapi, chai iko wapi, kama amelipa umeme, kama machungwa ya kisiwani kwao mwaka huu ni matamu, maana kila majira ya baridi mama yake alimletea kasha zima kwa posta. Hilo la upande hakuna aliyewahi kumuuliza, wala mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Mkono wake ukainuka kabla hajafikiri. Ulinyooka nyuma yao, kusini magharibi, ukapita meza, ukapita friji na kalenda ya muuza samaki, ukaukabili ukuta usio na tundu lolote, na haukutetereka hata kidogo. Alikuwa akijua muda wote.

"Kule," alisema.

"Basi geukia huko."

"Huko hakuna dirisha, Mama. Kuna friji."

"Najua kuna friji, si jikoni mwangu? Geuka."

Sawae akarudisha mguu juu ya kifuniko, akageuka. Wakasimama mgongo kwa mgongo, joto la ajuza likimgusa kiunoni. Akautazama ukuta. Alilia wazi wazi, bila kufuta, na Bi Tsuruyo, ambaye hakuna jambo alilokosa neno la kulisemea, alinyamaza kimya akamwachia muda wote alioutaka.